Lita Mia na Ishirini

Jumatatu, 2 Septemba

Nimeshinda. Kisima namba nne ni changu!

Imenichukua wiki mbili za hila. Ofisi yetu hupima maji ya visima vinne vilivyochimbwa kuzunguka mgodi mdogo wa dhahabu, upande wa Haneti. Si visima vya kunywa. Ni mabomba membamba yaliyoshushwa ardhini, yana vifuniko vya chuma na makufuli, na kazi yake ni kutuonyesha mapema kama mgodi unachafua maji ya chini kabla uchafu haujawafikia watu. Vitatu viko ndani ya uzio wa mgodi. Cha nne kiko nje, pembeni ya shamba la mtu, na mtu huyo ndiye anayetunza ufunguo.

Mtu huyo ni Restuta!

Nililiona jina lake kwenye orodha mwezi uliopita, nikamwaga chai. Restuta wa darasa letu. Restuta wa korongoni mwaka 1981, kanga ya njano, kibuyu kichwani, hakimwagiki hata tone. Sijamwona tangu mjomba aliponichukua kuja kusoma mjini, nikiwa na miaka kumi na minne. Sasa nina hamsini na saba. Mke wangu alifariki huu mwaka wa sita. Na nimesikia Restuta naye ni mjane. Basi. Sisemi zaidi.

Nilimwambia Ritha goti langu haliwezi tena ngazi za mgodini. Ritha ni msimamizi wetu, ana miaka ishirini na tisa, ana shahada mbili na tableti. Huniita mzee Thobias, kwa heshima kabisa, na kila akiniita hivyo goti linauma kweli. Akasema sawa mzee, wewe shika namba nne peke yako, mimi nitafanya vya ndani.

Goti limepona saa hiyohiyo.

Jumanne, 3 Septemba

Ritha amenikumbusha utaratibu. Mimi! Nilianza kuchota sampuli yeye akiwa hajaota meno.

Akasema maji yaliyolala ndani ya bomba miezi mitatu hayasemi ukweli. Yamekaa na chuma, yameonja kutu. Lazima yatolewe yote kwanza, lita mia na ishirini, pampu yetu ndogo inachukua saa nzima, ndipo maji mapya ya ardhini yaingie na chupa zijazwe. Nikamwambia najua. Akasema anajua kwamba najua. Akaandika 120 kwenye fomu yangu kwa kalamu nyekundu, akazungushia duara.

Jioni nimepiga pasi shati la bluu. Obedi, dereva wetu, alipita hapa nyumbani Nkuhungu kuchukua kasha la barafu akanikuta nachana nywele. Akauliza kama siku hizi maji yanapimwa kwa kuangalia sura ya mpimaji. Obedi naye ni mjane. Huimba tenzi akiendesha, sauti nzito, nzuri kwa bahati mbaya.

Nimelala mapema lakini usingizi umegoma. Kwa mawazo nilikuwa korongoni, kwenye mto wetu wa mchanga. Kila ukoo ulikuwa na shimo lake kwenye mchanga, limezungushiwa miiba ili ng'ombe wasiingie. La mama yangu lilikuwa chini ya jiwe lenye umbo la punda aliyelala. Tulikuwa tukichimba, tunakaa tunasubiri, na maji yanakuja polepole kama mtu mwenye haya. Restuta alichota kwa kata, akajaza kibuyu chake, akanipa ninywe kabla hajanywa yeye. Hakuna maji yaliyowahi kuwa na ladha ile. Ritha na tableti yake hawana kipimo cha ladha ile.

Jumatano, 4 Septemba

Siku ya furaha! Niandike kila kitu.

Obedi alinishusha na pampu saa nne kasorobo, akaenda na Ritha mgodini. Mama mmoja akatoka nyumbani na ufunguo shingoni. Mnene kidogo, mvi pembeni, miwani imefungwa uzi. Nikamsalimu mbukwa, kwa Kigogo chetu. Akaitikia mbukwa, karibu, wewe ndiye wa maji? Nikasema mimi ni Thobias. Thobias wa mama Tabu, wa kule chini kwenye jiwe la punda.

Akavua miwani. Akaivaa tena. Akapiga kelele hadi kuku wakakimbia!

Nikashusha pampu, nikawasha saa nne na dakika kumi. Ikaanza kunguruma. Yeye akaleta vigoda viwili. Akawa ananihadithia nani amekufa, nani amehamia Kiteto, mwalimu wetu wa hesabu alivyozeeka akasahau hesabu zote, na mimi sisikii kitu, ila ngurumo tu. Alisema jambo moja akacheka sana, na mimi sikulisikia. Nikacheka tu. Iliniuma. Miaka arobaini na mitatu namsubiri mtu aseme jambo, halafu nalikosa kwa sababu ya mashine.

Saa nne na dakika ishirini nikaizima ili nimsikie.

Tulikaa. Akaleta ugali wa uwele na mlenda, mlenda kama wa mama, wenye karanga zilizotwangwa kiasi. Nikamkumbusha tulivyokuwa tunabeba maji kwenda shule, kila mtoto na dumu lake la kumwagilia mipapai ya mwalimu mkuu. Akanikumbusha wimbo wa kuchimbia. Tukauimba! Sauti zimekauka lakini maneno yapo yote.

Nikasikia honi ya Landcruiser. Loo! Nikaruka, nikawasha pampu, nikajaza chupa zote nne pale pale. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa. Nikajiambia ndivyo yalivyo huku. Kwenye fomu nikaandika: kuanzia saa 4:10 hadi 5:10, lita 120. Mwandiko umenyooka. Uzoefu.

Kasoro moja. Restuta alimkaribisha Obedi naye, akampa mlenda wangu uliobaki. Obedi akanawa mikono huku anaimba utenzi. Restuta akaitikia sauti ya pili.

Jumatano, 11 Septemba

Balaa.

Majibu ya maabara yametoka. Visima vitatu vya mgodini ni safi. Namba nne ina chuma na zinki kupita kiwango mara nyingi. Ritha amesoma karatasi akiwa amesimama, akakaa, akasoma tena. Akasema mita mia mbili kutoka pale ndipo lilipo bomba la mkono la kitongoji. Kaya arobaini zinakunywa pale. Kama bwawa la majitaka la mgodi linavuja kupita chini ya uzio, basi uchafu umeshawafikia.

Akaniuliza kama nilitoa maji yote ya zamani. Aliuliza kwa upole, ndicho kibaya. Nikasema lita mia na ishirini, bosi, kwa macho yangu haya.

Kwa nini nilisema vile? Ningesema hapana tu. Neno fupi.

Lakini nimepata njia. Nikamwambia huenda maabara wamekosea. Vijana wa siku hizi, nikasema, hawaoshi vyombo. Zamani tulikuwa tunasuuza mara saba. Akaona nina hoja, akapiga simu. Maabara wakaudhika. Wakasema kuna chupa ya pili ya kisima kile haijafunguliwa, wataipima leo leo, mkuu wao mwenyewe.

Saa kumi wamejibu. Majibu ni yale yale. Wameongeza kwamba chupa zao zimesuuzwa mara nane.

Sasa hakuna mwenye shaka. Nimelithibitisha kosa langu kisayansi.

Ijumaa, 13 Septemba

Wamefunga bomba la kitongoji. Mtendaji wa kijiji amelizungushia mnyororo. Mgodi umeambiwa usimamishe kumwaga majitaka bwawani hadi ijulikane. Ritha hajala mchana siku mbili. Nilimkuta anaangalia ramani, anachora mistari kutoka bwawani hadi nyumba ya Restuta. Akasema, mzee Thobias, kama tungechelewa robo mwaka nyingine ingekuwaje? Akanishukuru kwa kazi nzuri.

Nikaenda chooni nikakaa.

Mpango: kesho ni Jumamosi. Nitakwenda mwenyewe kwa basi, nimpelekee Restuta maji safi. Madumu matatu. Atanywa maji yangu, dhamiri itatulia, Jumatatu nitafikiria mengine.

Jumamosi, 14 Septemba

Ninaandika nikiwa Haneti, kwa shemeji, kaka wa marehemu mke wangu. Mikono imechubuka. Kalamu inateleza.

Konda aliuliza kama ninauza petroli. Nikasema ni maji. Abiria wakaangaliana: mtu anapeleka maji kijijini kwa basi! Dumu moja likafunguka kizibo basi lilipopita kwenye rasta, yale matuta madogo ya barabarani, likalowesha unga wa mama mmoja na viatu vya mchungaji. Nilishuka na madumu mawili, nikapanda bodaboda nayo mapajani.

Nikafika. Nikamkuta Obedi! Gari la ofisi, matangi mawili ya lita elfu moja, bomba la mpira, watu kwenye foleni, yeye katikati kama bwana harusi. Alikuwa ameomba ruhusa kwa Ritha jana. Kaya zote arobaini. Mimi madumu mawili.

Nikamuuliza Restuta yuko wapi. Akasema matangi hayatoshi watu na mifugo, wanawake wengi wameshuka korongoni.

Korongoni!

Nilishuka mbio, goti na yote. Na nikaona. Mchanga mweupe hadi kwenye kona, mashimo, miiba, wanawake ndani ya mashimo vichwa tu vinaonekana, vikombe vinagonga ndoo. Ile harufu ya mchanga uliolowa. Nilikuwa nimesahau kwamba ni harufu, nilidhani ni kumbukumbu. Jiwe la punda lipo palepale. Chini yake, kwenye shimo la mama yangu kabisa, kuna mtu ameinama anachota, mgongo umepinda vilevile, na kwa pumzi moja nilikuwa tayari kuita mama.

Alikuwa Restuta.

Nililia pale ukingoni. Nakiri. Nikamwambia, Restuta, ni kama zamani!

Akanyooka, mkono kiunoni, taratibu, mara mbili akasimama njiani kwa maumivu. Hakutabasamu.

"Zamani gani unaisemea, kaka Thobias?" akasema. "Wewe uliondoka. Mimi nilichota humu miaka ishirini na mitatu mingine baada yako, hadi bomba lilipokuja. Mama yako alitoka kwenye shimo hili amebebwa. Hukuwepo."

Sikuwepo. Ni kweli. Nililetewa barua mjini kwamba mama anaumwa mgongo, nikatuma dawa ya kuchua.

Nikaona nimwambie jambo zuri la kutuliza. Nikamwambia nakumbuka alivyonipa kibuyu chake ninywe. Akakung'uta mchanga kwenye kata.

"Nilikupa, ukakiangusha kwenye jiwe kikapasuka. Nikapigwa na bibi siku mbili. Hilo hulikumbuka?"

Silikumbuki. Nimekaa na ile siku miaka arobaini na mitatu na kumbe nilikuwa na nusu yake tu.

Basi nikasema yote. Sijui kilichonisukuma. Mchanga, labda. Nikamwambia maji ya bomba lao si machafu, pengine, kwamba mimi sikutoa maji ya zamani, nilitoa lita ishirini kati ya mia na ishirini, na chuma kile na zinki vimetoka kwenye bomba letu wenyewe la kupimia, lenye kutu. Nikamwambia nilizima pampu ili nimsikie akiongea.

Wanawake wa mashimo ya jirani waliacha kuchota.

"Ungeniambia nipaze sauti," akasema Restuta.

Kisha akauliza kama maji yao ni mazima. Nikasema nadhani. Akarudia: unadhani? Akanipa kata. "Ingia."

Niliingia. Nilichota hadi jua likakaa upande wa pili wa jiwe. Unachota vikombe vinne, unasubiri. Vinne, unasubiri. Nilikuwa nimesahau kusubiri. Nilikuwa nimesahau mgongo. Nilihesabu wanawake kumi na saba niliowajazia, na hakuna aliyeniimbia. Mmoja alinishukuru, akakumbuka, akaondoa shukrani yake.

Halafu Restuta akanipandisha hadi kwenye mwinuko wenye mtandao, akasimama mbele yangu, akasema piga. Nikampigia Ritha. Nikasema. Nikasikia kalamu ikiandika upande wa pili.

"Mzee Thobias," akasema, "usiondoke hapo. Nakuja kesho."

Jumapili, 15 Septemba

Alikuja baada ya ibada. Mtendaji yupo, mwakilishi wa mgodi yupo, kitongoji kizima kipo. Ritha hakufoka. Alinisalimu shikamoo kama kila siku, akasema kabla hatujawasha chochote, mzee atawaeleza wenyeji kilichotokea. Nikaeleza. Nilisema kwa Kiswahili, kisha wazee wakaomba nirudie kwa Kigogo, na kwa Kigogo hakuna mahali pa kujificha, maneno yote ni ya mama yangu. Bibi mmoja akauliza kama huyu ndiye yule mtoto wa Tabu aliyepelekwa mjini kusoma. Wakasema ndiye. Akaguna. Ule mguno nitazikwa nao.

Kisha pampu. Saa nzima. Ndoo za lita ishirini, sita. Restuta alikaa mbele akihesabu kwa sauti. Ndoo ya kwanza chai ya mkandaa. Ya pili chai. Ya tatu ikapauka. Ya tano nilizamisha mkono nikaona vidole vyangu hadi chini. Ya sita ilikuwa maji. Vipimo vya papo hapo vikasoma vizuri, Ritha akashusha pumzi, akajaza chupa mwenyewe. Akachota pia kwenye bomba la mkono. Hakuniruhusu kugusa vizibo.

Ngurumo ile ile, saa ile ile. Restuta alikuwa anaongea na jirani yake na nilisikia kila neno. Inawezekana kabisa kusikia. Unasogeza kigoda tu.

Njiani kurudi nilikaa nyuma na chupa. Ritha akasema bila kugeuka kwamba mwezi uliopita aliniombea kwa mkurugenzi nibaki baada ya kustaafu, niwafundishe vijana, kwa sababu najua ardhi ya huku kuliko ramani. Akasema hajui sasa aseme nini. Obedi hakuimba. Ningetamani aimbe.

Alhamisi, 19 Septemba

Safi! Kisima namba nne safi, bomba la kitongoji safi, bwawa halivuji. Mnyororo umetolewa saa nane mchana. Restuta amepiga simu ofisini kushukuru. Alimpigia Ritha. Nilikuwa nimekaa mita moja kutoka kwenye simu, nimeweka uso wa mtu anayepatikana. Nilisikia vigelegele kwa mbali kwenye spika, na sauti ya mpini wa bomba ukipanda na kushuka.

Nilikuwa nadhani ni sauti mbaya, ile ya bomba. Sauti ya chuma. Leo nimeiona tofauti.

Adhabu: barua ya onyo, miezi mitatu bila kutoka ofisini, na kuosha chupa zote za sampuli za ofisi. Mara nane. Ritha ameandika ukweli wote kwenye ripoti, pamoja na sentensi moja kwamba mhusika alikiri mwenyewe. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Angeweza kutoiandika.

Jumatatu, 23 Septemba

Chupa. Chupa. Chupa.

Obedi amerudi kutoka Haneti, alipeleka nakala ya ripoti. Kaleta karanga mfuko mzima kwa ajili ya Ritha, na salamu kwangu. Nikamuuliza salamu zipi hasa, kwa maneno yapi. Akasema Restuta amesema nikienda tena niende kama mgeni, bila mashine, atanionyesha mama alipozikwa maana nimekuwa napapita kwa gari kila mara bila kusimama.

Nikaendelea kuosha. Chupa moja niliisuuza nikasahau hesabu, maji yanamwagika tu, hadi Ritha akaja kuifunga koki. Akaniuliza kama niko sawa. Nikasema sabuni imeingia machoni. Akanisogezea karanga.

Nimeapa leo, kwa maandishi, hapa: basi hila. Basi zamani. Mimi ni mtu mzima, nitafanya kazi yangu kwa fomu na saa.

Jumatatu, 30 Septemba

Ritha ametaja kwenye kikao kwamba mwakani tunapata kazi mpya ya visima, upande wa Mvumi. Akasema mwalimu mmoja mstaafu ametoa eneo lake, anaitwa Lydia.

Lydia! Lydia wa kwaya, nilipopelekwa sekondari ya bweni Mvumi, mwaka 1985, dawati la mbele yangu, nywele kasuka mistari kumi! Alikuwa akigeuka kuomba rula hata siku ya somo la dini. Nani anahitaji rula kwenye somo la dini?

Miezi mitatu yangu inaisha Desemba. Nimepiga hesabu, inatosha. Baada ya kikao nilibaki nyuma, nikamwambia Ritha kwa uzito unaostahili kwamba maji ya Mvumi yananitia wasiwasi sana, panahitajika mtu mzoefu, peke yake, na kwa muda wa kutosha.

Akaniuliza nimeyaona lini maji hayo.

Nikasema bado.